Mlinzi wa geti: jibu kwa mwigizaji wa Tanga asiyewahi kuwa steringi

*Swali:* Mwalimu, shikamoo. Nina miaka 38, nipo Tanga. Nimeigiza miaka tisa sasa, filamu na tamthilia, na sijawahi kuwa steringi hata siku moja. Mimi ni mlinzi, baba mwenye nyumba, polisi wa kaunta, mganga. Kwenye daladala watu hunikazia macho, "Wewe nakujua!", halafu jina hawana. Mke wangu ameanza kuuliza kama hii ni kazi au ni mapenzi tu. Naomba kujua: yupo mtu aliyewahi kuishi umri wake wote kwa nafasi ndogondogo hizi? Aliishije? Na wiki ijayo nimeitwa Dar kuwa mganga tena. Niende?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. La mganga liweke kando kwanza, tutalifikia.

Hilo la kuishi umri mzima: yupo, tena wapo wengi. Mimi nitakupa mmoja ninayemjua vizuri kuliko wengine, kwa sababu nimemtazama miaka mingi na nimechosha wanafunzi wengi kwa habari zake. Anaitwa Harry Dean Stanton, Mmarekani, aliyefariki Los Angeles tarehe 15 Septemba 2017 akiwa na miaka 91. Alionekana katika filamu zaidi ya 100 na vipindi vya televisheni visivyohesabika kirahisi, kwa muda wa miaka 60 hivi. Nikikuonyesha picha yake sasa hivi utasema yale yale unayoambiwa wewe kwenye daladala: huyu namjua. Mwembamba, mashavu yamebonyea, macho kama ya mtu aliyelala kituo cha mabasi.

Kabla sijaendelea, tukubaliane jina la kazi yenyewe, maana nadhani nusu ya uchungu wako unatoka hapo. Unakumbuka somo la fasihi sekondari? Mwalimu alitugawia wahusika mafungu matatu: mhusika mkuu, wahusika wasaidizi, na wahusika wajenzi. Hao wa mwisho tuliwakariri kwa ajili ya mtihani tu, tukasahau. Lakini hebu lisikie neno lenyewe: wajenzi. Steringi anaingia kwenye nyumba ambayo wengine wameshaijenga. Mlinzi akifungua geti kwa namna ambayo mtazamaji haamini, nyumba nzima imeanguka, na steringi na machozi yake yote atakuwa analia uwanjani.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video mtaani, tulilelewa vibaya kidogo. Picha ilikuwa na steringi, demu wa steringi, na adui. Wengine wote walikuwa "watu". Sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa picha za nje, inakutafsiria, kibanda kizima kinashangilia kwa sababu steringi hafi. Hakuna aliyeuliza yule mzee muuza duka aliyempa steringi maji ya kunywa ni nani. Stanton alikuwa yule mzee wa maji.

Alizaliwa tarehe 14 Julai 1926 huko West Irvine, Kentucky. Baba alilima tumbaku na pia alikuwa kinyozi. Vita Kuu ya Pili ikamchukua akaingia jeshi la majini, akawa mpishi kwenye meli iliyokuwa inashusha vifaru na askari ufukweni, na meli hiyo ilikuwepo kwenye mapigano ya Okinawa mwaka 1945. Mpishi, siyo mpiga bunduki. Shikilia hilo la mpishi, nitalirudia. Alipotoka vitani akaenda Chuo Kikuu cha Kentucky kusomea uandishi wa habari na redio, akapanda jukwaani chuoni, na mtu mmoja aliyekuwa anawaongoza akamshauri aache shule aende kuigiza. Akaacha. Akaenda Pasadena Playhouse, California, chuo cha maigizo cha enzi hizo.

Televisheni ilimpokea katikati ya miaka ya 1950. Hapo uelewe jambo moja la bahati ya wakati, kwa sababu sitaki nikudanganye kwamba ni kipaji peke yake. Marekani ya wakati ule ilikuwa inakula tamthilia za wachunga ng'ombe kama sisi tunavyokula ugali. Moja tu, Gunsmoke, ilianza 1955 ikaisha 1975 na vipindi 635. Kila kipindi kinahitaji mwizi wa farasi, mlevi wa baa, shahidi anayetetemeka, maiti. Stanton alirudi kwenye tamthilia hiyo hiyo mara kadhaa, na kila mara ni mtu mwingine, na hakuna mtazamaji aliyelalamika. Tena hata jina lake lilikuwa halijatulia: kulikuwa na mwigizaji mwingine aitwaye Harry Stanton, kwa hiyo yeye kwa miaka mingi aliandikwa Dean Stanton tu. Fikiria, unaigiza zaidi ya miaka kumi na hata jina ulilopewa na wazazi huwezi kulitumia lote.

Sasa njoo kwenye lile ninalotaka ulishike kuliko yote.

Rafiki yake mmoja alikuwa Jack Nicholson, baadaye steringi mkubwa wa Hollywood, ila wakati huo naye akihangaika tu. Stanton ndiye aliyemsimamia Nicholson kwenye ndoa yake mwaka 1962. Katikati ya miaka ya 60 Nicholson akaandika skripti ya filamu ndogo ya wachunga ng'ombe, Ride in the Whirlwind, akampa Stanton nafasi ya mkuu wa genge la majambazi, mwenye jicho moja lililofunikwa. Stanton mwenyewe alisimulia mara nyingi ushauri aliopewa na Nicholson siku hiyo: usifanye kitu. Umevaa kofia ya jambazi, una kitambaa cha jicho, una bunduki. Acha nguo ziigize, wewe baki kuwa wewe.

Ona sasa. Sisi tuna msemo wetu wa lokesheni, tunautoa kama sifa kubwa: "Jamaa kavaa uhusika." Mara nyingi tunamaanisha amepandisha sauti, ametoa macho, amekunja uso. Stanton alifundishwa kinyume chake. Uhusika umeshavaliwa na nguo. Ukiuvaa na wewe, unakuwa umevaa makoti mawili Dar es Salaam mwezi wa pili.

Mimi mwenyewe nililipia somo hili. Nilipewa mlinzi, sini mbili, nyumba ya kupanga huko Mbezi. Nilikwenda na ulinzi wangu kamili: nimesimama wima, rungu mkononi, "Simama hapo! Unakwenda wapi?" kwa sauti ya kushinda jenereta. Mwongozaji, ambaye simtaji, aliridhika kabisa. Niliporudi nyumbani usiku nikapita kwa mlinzi wa jirani yangu, mzee wa Kimakonde. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kilichovunjika mguu kikaegemezwa ukutani, redio ndogo imebanwa kati ya shingo na bega. Gari likaja kwa mbali. Hakugeuka. Akanyanyuka taratibu, akafungua komeo, na geti likawa wazi kabla honi haijapigwa. Alikuwa anaijua injini. Nikasimama pale nikaona aibu ya kazi niliyofanya mchana. Sauti nilikuwa nayo, ila sikuwa na sikio.

Mtazame Stanton kwenye Alien ya 1979. Wengi wanaikumbuka kwa lile dudu la angani. Yeye ni Brett, fundi wa chini kwenye meli ya mizigo, amevaa kofia ya kapelo na shati la maua. Na kazi yake na mwenzake kwenye sehemu kubwa ya filamu ni nini? Kulalamikia malipo. Wanataka mgao sawa na wa wakubwa wa juu. Mwenzake anasema, Brett anaitikia "sawa", neno moja, tena na tena, mpaka mtu mmoja anaishia kumcheka kwamba hana neno lingine. Huko angani kabisa, unamuona fundi wa gereji yoyote ya Ilala. Halafu anatumwa akamtafute paka. Anafika kwenye ukumbi wenye minyororo inayoning'inia, maji yanadondoka kutoka juu. Anasimama. Anavua kofia, anainua uso, anaacha maji yamdondokee. Basi. Hafanyi kitu kingine chochote, ni mtu aliyechoka anayepata ubaridi kidogo. Halafu dudu linashuka nyuma yake. Ni wa pili kufa katika filamu nzima, na kwangu mimi kifo chake ndicho kinachouma, kwa sababu ya yale maji. Mwigizaji anayetafuta kuonekana angeitumia nafasi ile kutetemeka.

Na usidhani nafasi zote zilikuwa na hata hiyo minofu. Kwenye sehemu ya pili ya The Godfather, 1974, filamu iliyobeba tuzo kedekede, Stanton ni mtu wa FBI anayemlinda shahidi. Hana jina. Kwenye orodha ya mwisho ameandikwa mtu wa FBI namba moja. Alikuwa na miaka 48 wakati huo, zaidi yako wewe kwa miaka kumi.

Alichoka? Alichoka, ndiyo. Hili watu hulificha wanapomsifu. Mwanzoni mwa miaka ya 80 alikuwa Santa Fe, New Mexico, akakutana na mwandishi Sam Shepard, wakanywa, na Stanton akamwambia kwamba amechoshwa na aina ya nafasi anazopewa, anatamani kitu chenye uzuri ndani yake. Hakuwa anaomba kazi, alikuwa analalamika tu kama tunavyolalamika sisi. Baadaye Shepard akampigia simu: kuna filamu, mwongozaji ni Mjerumani, Wim Wenders, na wewe ndiye mhusika mkuu.

Hiyo ndiyo Paris, Texas ya 1984. Ilichukua Palme d'Or, tuzo kubwa ya tamasha la Cannes, na Stanton alikuwa na miaka 57. Inaanza na mwanamume anatembea jangwani, suti imejaa vumbi, kofia nyekundu, ana dumu la plastiki la maji. Anakunywa tone la mwisho, anaendelea kutembea. Kwa zaidi ya dakika 20 hasemi neno hata moja. Nani mwingine angeweza kuachiwa kamera dakika 20 bila mdomo? Mtu aliyekaa miaka 30 pembeni ya fremu akijifunza kusikiliza wengine wanavyoongea.

Halafu mwishoni mdomo unafunguka. Yupo kwenye chumba kidogo, mkewe wa zamani yupo upande wa pili wa kioo. Yeye anamwona, mke hamwoni, wanaongea kwa simu. Anageuza kiti, anampa mgongo, anaanza kumsimulia habari za watu wawili aliowahi kuwajua, kana kwamba ni watu wengine. Sauti haipandi. Mke anaanza kuelewa taratibu ni nani huyo. Itafute uitazame usiku, peke yako, na simu umeizima.

Unangoja niseme kwamba baada ya hapo akawa steringi. Hakuwa. Alirudi kule kule alikotoka: baba asiye na kazi, mzee wa kambini, mfungwa. Kwenye The Green Mile ya 1999 ni mzee mropokaji anayekalishwa kwenye kiti cha umeme ili walinzi wafanye mazoezi ya kutekeleza hukumu ya kifo, na anawachekesha. Kuanzia 2006 akapata miaka kadhaa ya kazi ya uhakika kwenye tamthilia ya Big Love, akiwa nabii wa kundi la dini linalooa wake wengi, mtu mbaya kwa upole. Mhakiki maarufu Roger Ebert alikuwa na kanuni yake kwamba filamu yoyote yenye Harry Dean Stanton au M. Emmet Walsh katika nafasi ya usaidizi haiwezi kuwa mbaya kabisa. Baadaye alikiri kanuni ilivunjika, lakini hebu fikiria: mtu anakata tiketi kwa sababu ya mzee wa pembeni.

Katika kazi zake zote ndogo, ninayoipenda ni ya dakika chache tu, mwaka huo huo wa 1999, The Straight Story. Kisa kilitokea kweli: mzee Alvin, miguu mibovu, leseni ya gari hana, anasikia kaka yake waliyekosana miaka mingi amepata kiharusi. Anapanda mashine ya kukatia majani, ile ya kukalia, anasafiri nayo zaidi ya kilomita 380, wiki kadhaa barabarani. Filamu nzima tunasafiri naye kumfuata huyo kaka. Anafika kwenye kibanda, anaita. Anatoka Stanton, anajikongoja. Wanakaa. Stanton anatazama ile mashine. Anauliza kama kweli ameendesha hicho kitu njia yote hiyo kuja kumwona yeye. Mdogo mtu anaitikia kwamba ndiyo. Kidevu cha Stanton kinatikisika kidogo, macho yanajaa, anatazama juu. Mwisho wa filamu. Saa nzima na zaidi ya filamu imebebwa na mtu mwingine, lakini kama huyo kaka angekuwa mwigizaji dhaifu, safari yote ile ingekuwa upuuzi. Wewe ungeikataa nafasi hiyo, mwanangu? Mistari miwili mitatu, siku moja ya kushuti?

Haya, la mkeo. Nalijibu kwa heshima, kwa sababu ameuliza swali la maana kuliko lako.

Stanton aliishi kwa kazi hii kwa sababu chini yake kulikuwa na sakafu ambayo wewe huna. Waigizaji wa filamu wa Marekani wana chama chao tangu 1933. Mwaka 1960 waligoma, na walichokipata ni pamoja na mfuko wa afya na pensheni, na malipo ya ziada pale filamu inapoonyeshwa kwenye televisheni. Mtu akiwa mwizi wa farasi kwenye vipindi mia, vikirudiwa kuna senti inayoingia. Senti ni ndogo, ila vipindi ni vingi. Kwetu wengi tunalipwa mkupuo siku ya kazi, pengine nusu, na filamu ikionyeshwa mpaka wajukuu wasome chuo hatuna habari nayo. Hata wakubwa wetu haikuwasaidia sana. Marehemu Mzee Majuto, mtu wa huko huko kwenu Tanga, sura iliyouza kuliko masteringi wengi, alipougua kabla hajafariki Muhimbili Agosti 2018, mikataba ya wasanii ikawa gumzo la nchi nzima.

Kwa hiyo usimwambie mkeo kwamba subira itakulipa kama ilivyomlipa Stanton. Stanton hata mke hakuwa naye. Hakuoa, na watu wengine wanadhani ndiyo sababu aliweza. Mwambie hivi: ile kazi nyingine unayofanya, iwe duka au bodaboda, haiachwi. Mimi nimefundisha sekondari miaka 22 huku naigiza wikiendi, na sijioni nimesaliti sanaa. Mwambie pia kwamba kuanzia sasa hutakwenda lokesheni bila karatasi. Si lazima iwe ya mwanasheria. Iandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja: siku ngapi, kiasi gani, kinalipwa lini, na filamu ikiuzwa kwingine itakuwaje. Prodyuza akicheka, acha acheke, mradi asaini.

Na jambo dogo linalohusu jina lako kwenye daladala. Mwisho wa filamu jina likipita, hakikisha limeandikwa lote na limeandikwa sawasawa, kila mara vile vile. Wengi wetu leo ni "Mzee Fulani", kesho jina la Facebook, keshokutwa la kitambulisho. Stanton mwenyewe alirudi kwenye majina yake yote matatu, na ndiyo tunayomjua nayo leo.

Nilikuambia ushike la mpishi. Filamu ya mwisho iliyomweka katikati inaitwa Lucky. Iliongozwa na John Carroll Lynch, ambaye naye ni mwigizaji wa nafasi za usaidizi, sura nyingine ya "wewe nakujua", na ilikuwa mara yake ya kwanza kuongoza filamu ndefu. Stanton ni mzee wa miaka 90 anayeishi peke yake kwenye mji mdogo wa jangwani, anavuta sigara, anafanya mazoezi asubuhi na fulana na chupi, anajaza maneno kwenye chemshabongo, anakwenda mgahawani, anarudi. Siku moja mgahawani anakaa na mwanajeshi mstaafu, wanazungumza vita, na mzee anasema yeye alikuwa mpishi melini. Walichukua maisha yake wakayatia kwenye skripti. Katika filamu hiyo pia anasimama kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wa Kimeksiko na kuimba kwa Kihispania, sauti imepasuka, na wale mariachi wanamfuata nyuma. Ilianza kuonyeshwa kwenye kumbi za Marekani mwisho wa Septemba 2017. Yeye alikuwa ameshakufa wiki mbili.

Sasa mganga wako. Nenda. Lakini usiende na ule mganga tuliouona mara elfu, wa kitambaa chekundu na kicheko. Hicho kitambaa watakuvisha wao, kitajiigiza chenyewe. Wewe, siku hizi chache zilizobaki, kaa karibu na mganga wa kweli, na Tanga hamkosi, umtazame anavyopokea simu katikati ya tiba, anavyohesabu hela, anavyomtazama mgonjwa anapoingia kabla hajasema shida yake. Chukua kimoja tu katika hivyo. Na kabla hujapanda basi, nauli ya kwenda na kurudi iwe imeshaingia kwenye simu.